Muhogo wa Ziwa Mweru na ugonjwa unaoozesha ghala chini ya ardhi

Katika kisiwa cha Chisenga na ufuo wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, shamba la muhogo ndilo akiba ya familia. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia umefika katika ukanda huo, na tiba yake inatafutwa kwa njia tatu: uzalishaji wa mbegu, maabara ya jeni, na kipando safi.

Mto Luapula, ambao kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huingia Ziwa Mweru kupitia delta pana ya matete na vinamasi. Katika delta hiyo kipo Chisenga, kisiwa cha wavuvi na wakulima kilicho sehemu ya wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula. Wakaazi wake, kama wenzao wa Kashikishi na vijiji vingine vya ufuoni, hutegemea zaidi vitu viwili: samaki na muhogo.

Samaki wana msimu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo pia ya mvua, wakati akiba ya nafaka imepungua na mazao mapya yangali mabichi. Muhogo hauna msimu. Mkulima huuacha ardhini mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, akichimba kiasi cha kutosha siku chache, kukiloweka majini, kukianika na kukitwanga unga. Kinachopikwa kwa unga huo Wabemba hukiita ubwali, Wakatanga bukari, na Watanzania ugali wa muhogo. Majani yake ni mboga: katapa kwa Kibemba, sombe kwa Wakongo, kisamvu kwa watu wa pwani.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba shamba la muhogo ni ghala, hasemi kwa mafumbo. Hakuna jengo lingine lililojengwa kuhifadhi chakula hicho. Ghala ni udongo wenyewe, na funguo ni jembe.

Baadhi ya wasomaji wanaifahamu nchi hiyo kwa miguu yao. Upande wa pili wa maji ni Pweto, Kilwa na Kasenga, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Na tangu Januari 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya Mantapala, ambako familia zilizokimbia mapigano nchini Kongo zilipewa ardhi ya kujenga na kulima. Kabla ya hapo, maelfu ya Wakongo waliishi katika kambi za Kala, Kawambwa, na Mwange, Mporokoso. Wote hao walikula muhogo wa Luapula, na wengi waliupanda.

Magonjwa mawili, inzi mmoja

Mwaka 2017 wataalamu wa mimea walithibitisha kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa wa michirizi ya kahawia umo ndani ya Zambia, katika mikoa ya Luapula na Kaskazini. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka uliofuata. Haikuzua kelele nyingi nje ya duru za kilimo, jambo ambalo si ajabu: ugonjwa wenyewe una tabia ya kutoonekana.

Wakulima wa Afrika Mashariki na ya Kati wamezoea zaidi ugonjwa wa batobato. Huo hujitangaza. Majani hujikunja, hupungua ukubwa, na kupata mabaka ya manjano na kijani; mmea hudumaa, na mtu yeyote apitaye njiani huona kwamba shamba linaumwa. Michirizi ya kahawia ni kinyume chake. Majani ya chini hupata umanjano kando ya vishipa, na shina changa laweza kuwa na michirizi ya rangi ya kahawia, lakini mmea husimama mrefu na wenye afya machoni. Majani hayo ya chini yakishapukutika wakati wa kiangazi, dalili hupotea nayo. Mkulima hupata habari siku ya kuchimba, anapokata mzizi na kukuta madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa, yamesambaa ndani ya nyama nyeupe. Sehemu hiyo hailiki. Kwa aina za muhogo zisizo na kinga, na pale ugonjwa ulipokolea, shamba zima laweza kukosa mzizi mmoja wa kupeleka sokoni.

Jambo baya zaidi kwa watu wa Mweru ni hili: uozo huongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Ndiyo maana katika sehemu zilizoathirika wakulima huchimba mapema, kabla mizizi haijanenepa, ili kuokoa kilichopo. Wanaofanya hivyo hupoteza uzito wa mavuno, na pamoja nao hupoteza ile faida iliyoufanya muhogo upendwe tangu mwanzo, yaani kungoja. Mzizi uliochimbwa huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu. Akiba ya mwaka mzima hugeuka kuwa kazi ya kukausha ya wiki chache.

Magonjwa yote mawili husababishwa na virusi, na virusi hivyo husafirishwa na mdudu mmoja, inzi mweupe, kijidudu kisichozidi milimita moja au mbili ambacho hufyonza utomvu upande wa chini wa majani. Hata hivyo virusi vya aina mbili hizo havisafiri sawasawa. Kirusi cha batobato hudumu ndani ya inzi kwa siku nyingi, hivyo inzi aliyepeperushwa na upepo huweza kukipeleka mbali. Virusi vya michirizi ya kahawia, ambavyo vipo viwili vinavyotambulika, hudumu ndani yake kwa muda mfupi, yamkini siku moja au mbili tu. Inzi huvieneza kutoka shina hadi shina na kutoka shamba hadi shamba la jirani. Safari ndefu, za kuvuka mkoa, ziwa au mpaka, hufanywa na binadamu aliyebeba mzigo wa vipando.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa kisiwa. Maji ya delta huweza kumchelewesha inzi, lakini hayamzuii mtu mwenye mtumbwi na fungu la fito za muhogo alizopewa na shemeji yake. Na muhogo haupandwi kwa mbegu: hupandwa kwa kipande cha shina, na kipande hicho hubeba kila ugonjwa uliokuwa ndani ya mama yake. Kupeana vipando ni sehemu ya ujirani mwema, na pia ni jinsi mhamiaji anavyoanza maisha mapya mahali popote. Kwa sababu hiyo hakuna maana ya kumtupia lawama mgeni au mwenyeji. Fito hubebwa na wote wanaolima, na anayezibeba hawezi kuuona ugonjwa uliomo.

Amani, milima ya Usambara

Ajabu ni kwamba magonjwa haya mawili yana historia ndefu ya kisayansi katika nchi ya Waswahili kuliko mahali pengine popote. Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, mkoa wa sasa wa Tanga. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kikaendeshwa na Waingereza.

Kuanzia mwaka 1937, Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza jambo lililoonekana la ajabu: kuuchanganya muhogo na mti wa mpira. Mpira unaozungumziwa hapa ni ule wa Ceara, ulioletwa kutoka Brazili, jamaa wa karibu wa muhogo, na ambao majani yake bado huliwa Tanzania kwa jina la kisamvu cha mpira. Mti huo haukushambuliwa sana na virusi. Watafiti walichavusha maua ya muhogo kwa chavua ya mpira, wakapata machotara yenye kinga lakini mizizi yake ikiwa myembamba na migumu. Walichavusha tena machotara hayo kwa muhogo, mara ya pili na ya tatu, kila mara wakichagua mmea uliobaki na kinga ya mpira huku ukirudia mizizi ya muhogo. D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo hadi ilipofungwa mwaka 1957.

Faida za kazi ya Amani zilijitokeza baada ya wenyewe kuondoka. Vipando vya kizazi kimoja vilipelekwa Nigeria, na tangu mwaka 1971 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, iliyoko Ibadan, ilivitumia kuzalisha aina nyingi zenye kustahimili batobato zilizoenea Afrika nzima. Kizazi kingine, chenye namba 46106/27, kilibaki mashambani bila mtu wa kukitangaza. Wakulima wa pwani ya Kenya walikiita Kaleso, na wa kusini mwa Tanzania walikiita Namikonga. Miongo kadhaa baadaye, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja, na hadi leo ni miongoni mwa vyanzo bora vya kinga dhidi ya michirizi ya kahawia. Wakulima waliutunza mmea huo kwa sababu ulikuwa ukiwapa mihogo isiyooza. Hawakuhitaji kujua namba yake.

Somo la Uganda

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda ilikumbwa na batobato kali isiyo ya kawaida. Iliposonga mbele, ikawa inameza takribani kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, na katika baadhi ya wilaya watu waliacha kabisa kulima muhogo. Mwaka 1997 watafiti walieleza sababu: virusi viwili vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande vya jeni, na kirusi kipya kilichozaliwa kilikuwa kikali zaidi.

Uganda ilijinasua kwa uzalishaji wa mbegu. Aina zenye asili ya Ibadan, zilizopewa jina la NASE na namba, zilisambazwa katika miaka ya 1990, na muhogo ukarudi. Kisha mwaka 2004 ikagunduliwa michirizi ya kahawia karibu na Kampala, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Wataalamu walikuwa wamezoea kuamini kwamba ugonjwa huo ni wa mwambao na wa kingo za Ziwa Malawi, na kwamba haupandi milimani. Zile aina zilizoiokoa nchi kutokana na batobato nyingi zilikuwa hazina kinga dhidi ya huu wa pili. Inzi weupe nao walikuwa wameongezeka mno. Kutoka hapo ugonjwa ulionekana kandokando ya Ziwa Viktoria, Rwanda, Burundi, na mwaka 2012 ukathibitishwa mashariki mwa Kongo. Ziwa Mweru nalo liko juu ya mita 900, ndani ya ukanda ambao zamani ungehesabiwa kuwa karibu na mpaka wa usalama.

Hapo ndipo lilipo tatizo la mkoa wa Luapula. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Zambia, ZARI, ina kituo Mansa, makao makuu ya mkoa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kitovu cha utafiti wa muhogo nchini. Aina kadhaa zilizotolewa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina majina ya maji ya kwao: Bangweulu, Mweru, Tanganyika, Chila, Kampolombo. Ni aina nzuri, na baadhi zimependwa sana. Lakini zilichaguliwa kabla ya michirizi ya kahawia kuthibitishwa nchini. Hakuna aliyezipima dhidi ya adui ambaye hakuwapo shambani.

Mbegu mpya huchukua muda gani?

Muhogo ni mmea mgumu kwa mzalishaji. Aina nyingine hutoa maua machache au hazitoi kabisa. Kila mbegu inayopatikana kwa kuchavusha ni mtoto wa kipekee asiyefanana na wazazi wala na ndugu zake, hivyo mzalishaji huanza na maelfu ya miche na kubaki na michache. Kisha kuna tatizo la kuongeza idadi: shina moja la muhogo hutoa vipando kumi hivi kwa mwaka, ilhali punje moja ya mahindi huzaa mamia ya punje. Tangu kuchavusha hadi kutolewa rasmi kwa aina mpya, miaka minane hadi kumi ni jambo la kawaida.

Njia inayofupisha muda huo bila kubadilisha jeni kwa mikono ni kusoma vinasaba. Badala ya kungoja mwaka mzima ili kuchimba na kupima mizizi, mtafiti huchukua kipande cha jani la mche mchanga, husoma vinasaba vyake, na kukadiria kwa hesabu mmea huo utakuwaje. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Cornell, umetumia njia hiyo pamoja na vituo vya Uganda, Nigeria na, baadaye, Tanzania. Mwaka huohuo nchi tano, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji, zilianza kubadilishana aina zao bora kabisa. Aina hizo zilisafishwa virusi maabara kabla ya kuvuka mpaka, kisha zikajaribiwa katika nchi zote tano. Zambia haikuwa miongoni mwao, kwa kuwa wakati huo ugonjwa ulikuwa bado haujathibitishwa kwake.

Utafutaji wa kinga umefika pia Amerika ya Kusini, nyumbani kwa muhogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wanasayansi nchini Ujerumani walipandikiza virusi vya michirizi kwenye mamia ya aina zilizohifadhiwa Kolombia, na wakapata chache ambazo virusi havikuweza kabisa kuzaliana ndani yake. Hiyo ni habari njema kuliko ya Namikonga, kwa sababu Namikonga huambukizwa ila hustahimili. Kazi iliyobaki ni ileile ya Amani: kuchavusha, kuchagua, kuchavusha tena, hadi kinga ya mgeni ikae ndani ya muhogo ambao mama wa Nchelenge atakubali kuupika.

Neno hilo la mwisho si dogo. Zipo aina zilizopita kila kipimo cha kituo cha utafiti zikakataliwa kijijini, kwa sababu zililoweka vibaya, zilitoa unga wa rangi isiyopendeza, au majani yake hayakufaa kwa mboga.

Jeni zinazonyamazishwa

Maabara zimejaribu njia ya mkato. Mradi wa VIRCA, unaounganisha Donald Danforth Plant Science Center ya Marekani na taasisi za utafiti za Uganda na Kenya, ulichukua vipande vya jeni za virusi vyote viwili vya michirizi na kuviweka ndani ya muhogo. Vipande hivyo haviwezi kuunda kirusi. Kazi yake ni kuifunza chembe ya mmea kutambua ujumbe wa kirusi na kuukatakata unapoingia, jambo ambalo wataalamu huliita kunyamazisha jeni. Mstari mmoja, uliopewa namba 4046, ulifanya vizuri katika majaribio ya mashambani, na mwezi Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliidhinisha utolewe katika mazingira. Idhini hiyo haikuwa ruhusa ya kuuza kesho yake: aina mpya hubaki na majaribio mengine ya kitaifa. Serikali ya Kenya iliondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni mwezi Oktoba 2022, na suala hilo likapelekwa mahakamani mara moja.

Wenye mradi wanasema vipando vitatolewa bila mrabaha. Kwa zao linalopandwa kwa fito, hofu ya mkulima kulazimika kununua mbegu upya kila mwaka ni ndogo kuliko kwa mahindi, ingawa wapinzani wana maswali mengine, hasa kuhusu soko na uhuru wa kuchagua, na maswali hayo yanastahili majibu.

Sayansi yenyewe pia imeonyesha mipaka yake. Aina iliyotumika kwa mstari huo ilikuwa na kinga ya asili dhidi ya batobato. Mwaka 2016 watafiti walewale walichapisha kwamba hatua ya kukuza mmea mzima kutoka chembe za maabara, ambayo haikwepeki katika kazi hiyo, ilikuwa imeifuta kinga hiyo. Mmea ulipata ngao moja ukapoteza nyingine, na ikabidi kurudi kwenye uchavushaji wa kawaida ili kuirudisha. Ni kwa juhudi za kuelewa kinga hiyo kwamba mwaka 2022 jeni yake hatimaye ilitambuliwa.

Mbinu mpya zaidi, ya kuhariri jeni za mmea bila kuongeza kitu kutoka nje, imetoa matokeo ya mchanganyiko. Mwaka 2019 kundi moja lilizima jeni mbili za muhogo ambazo virusi vya michirizi huzitumia kujizalisha. Uozo wa mizizi ulipungua, lakini ugonjwa haukwisha. Mwaka huohuo kundi jingine lilijaribu kuufanya muhogo ukate moja kwa moja jeni za kirusi cha batobato. Kinga haikupatikana, na baadhi ya virusi vilibadilika vikawa havikatiki tena. Anayeahidi kwamba maabara itamaliza magonjwa haya mara moja hajazisoma taarifa hizo.

Zambia ina sababu zake za kusita. Mwaka 2002, kusini mwa Afrika kukiwa na njaa, serikali ya Lusaka ilikataa msaada wa mahindi yaliyobadilishwa jeni, uamuzi uliojadiliwa dunia nzima. Mwaka 2007 nchi ilitunga sheria ya usalama wa kibayolojia, na hakuna anayeweza kupanda mmea wa namna hiyo bila kibali. Wakulima wa Chisenga hawana muhogo wa aina hiyo, na hawatarajiwi kuwa nao karibuni.

Kipando safi

Mjadala wa jeni huchukua nafasi kubwa magazetini kuliko jambo linaloweza kufanywa msimu ujao, nalo ni usafi wa kipando. Aina yoyote, hata isiyo na kinga kamili, huzaa zaidi ikianza bila virusi.

Maabara huanza na ncha ndogo kabisa ya chipukizi, sehemu ambayo mara nyingi virusi havijaifikia. Mmea huwekwa kwanza kwenye joto ili kudhoofisha virusi, kisha ncha hukatwa na kukuzwa ndani ya chupa. Miche inayopatikana hupimwa na kuhamishiwa shamba la mama. Kutoka hapo vipando hupitia wazalishaji wa kata na vijiji hadi kwa mkulima. Tanzania imejenga mfumo ambamo wajasiriamali wa vijijini huuza vipando vilivyokaguliwa, kila daraja likiwa na kiwango chake cha ugonjwa kinachovumiliwa.

Kwa kuwa virusi vya michirizi havisafiri mbali ndani ya inzi, umbali una nguvu. Katika wilaya za Mkuranga na Chato nchini Tanzania, jamii nzima zilikubaliana kung'oa muhogo wote wa zamani na kupanda safi kwa wakati mmoja, na ugonjwa ukapungua kwa kiasi kikubwa ikilinganishwa na mahali ambapo kila mtu alifanya lake. Ni mapatano magumu: familia huombwa kung'oa akiba yake ya chakula, na hakuna anayekubali bila uhakika wa kula kabla mpya haujakomaa. Kwa hoja hiyohiyo, kisiwa kama Chisenga kingeweza kuwa mahali pazuri pa kuanzia, maana mipaka yake inajulikana na njia za kuingilia ni bandari chache za mitumbwi.

Mfano wa wadudu unaonyesha kwamba ushirikiano wa nchi nyingi huweza kufaulu bila dawa za sumu. Mwaka 1973 kidung'ata, kidudu chenye unga mweupe kutoka Amerika ya Kusini, kilionekana Kongo na katika miaka iliyofuata kikaangamiza muhogo barani kote, Zambia ikiwemo. IITA ilitafuta adui wake wa asili, ikampata nyigu mdogo huko Paraguay, na kumwachia huru Nigeria mwaka 1981. Nyigu huyo alisambazwa nchi hadi nchi, na kidung'ata kikadhibitiwa bila mkulima kulipa chochote. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwa virusi, hadi sasa hajapatikana nyigu wa kufanya kazi hiyo.

Ushauri unaotolewa kwa wakulima wa sehemu zilizoathirika unafanana kila mahali. Vipando vichukuliwe kwenye mashina ambayo mizizi yake imekatwa na kuonekana nyeupe, siyo kwenye fungu lililorundikwa baada ya mavuno bila kujulikana limetoka shina gani. Mmea wenye dalili ung'olewe mapema, katika miezi mitatu ya kwanza. Shamba jipya lisikae ubavuni mwa shamba kuukuu. Na fito zisivushwe ziwa wala mpaka bila kukaguliwa. Kwa wasomaji walio ng'ambo ya bahari, Australia na nchi nyingine nyingi haziruhusu kipando hai kuingia bila kibali, hata kiwe kimefungwa katikati ya nguo.

Kuna pia msaada wa simu. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na IITA, hutambua batobato, michirizi ya kahawia na utitiri wa kijani kupitia kamera, hufanya kazi bila intaneti, na huzungumza Kiswahili. Huangalia majani sita ya mmea na kutoa jibu. Lakini huona majani tu, na kwa ugonjwa huu jani si shahidi wa kutegemewa peke yake. Afisa ugani bado hubeba kisu.